Mahindi ya Kwenye Simu

Jamani, tukae kitako tuambizane, maana nyumba hii ingeweza kuwa yangu au yako.

Palikuwa na fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu mikono yake haikuwa na papara. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, penye meza ya kukatia na taa moja iliyofifia. Asubuhi mkewe alimwekea chai pembeni ya mkasi, wakapiga soga kidogo, kisha mke akaenda kazini kwake kufua mashuka ya hoteli. Walielewana, wala sisemi hivyo kuwapamba.

Kisha Taratibu akapakua mchezo wa kilimo kwenye simu. Ni mchezo wa kupitisha muda tu: unapanda, unamwagilia, unavuna. Hakuwa mtu wa kushinda mchezoni, la. Alicheza akisubiri pasi ipate moto. Ila mchezo wenyewe una kawaida yake. Mazao yakiiva simu hulia, na usipovuna yananyauka. Taratibu, aliyezaliwa mjini na hajawahi kushika jembe, akaanza kuyaonea huruma mahindi yasiyolika.

Huruma ikaleta manunuzi. Alianza na mbolea, akaja ghala, halafu trekta jekundu, vyote vya kwenye kioo cha simu na vyote kwa hela halisi.

"Baba watoto," mkewe alimuuliza, "ile hela ya kununulia taa nyingine iko wapi?"

"Nimenunulia trekta."

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Alidhani anataniwa, naye Taratibu hakumsahihisha. Wasomaji wangu, mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa amedanganya.

Wiki hiyo akaja mama mkwe wake na mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Marehemu mumewe ndiye aliyemnunulia, akafariki kabla haijashonwa, ikabaki sandukuni. Sasa binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, na mama alitaka kuivaa siku hiyo.

"Kitambaa hiki hakina mwenzake, baba," alisema. "Ndiyo maana nimekuletea wewe."

"Ondoa shaka, mama."

Kwa wasioijua mahameli, ina mwelekeo wake. Ukiipapasa kushuka ni laini, ukipandisha inakwaruza. Vipande vyote vya gauni sharti vielekee upande mmoja, la sivyo kimoja kitang'aa na kingine kitaonekana kama kimelowa. Taratibu alilijua hilo vizuri. Akatandaza, akapiga chaki, akakata mbele na mikono. Kabla hajakata mgongo, simu ikalia. Akasukuma kitambaa kando apate pa kuweka viwiko, akavuna mahindi yake yote, kisha akakitandaza tena na kukata. Hakukipapasa kwanza ajue kimeelekea wapi. Chini ya taa ile hafifu, gauni lilitoka zuri.

Mama mkwe alipokuja kulijaribu, alitoka nalo uani ajione juani. Mke wa Taratibu, aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyeona kwanza. Mbele palikuwa pamekolea, mgongo umepauka, kama nguo za watu wawili. Mabaki ya kitambaa hayakutosha hata mfuko.

Mama alirudi ndani, akalivua, akatoka amelibeba mkononi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Taratibu.

"Siku ile ya kukata kulikuwa na mgonjwa humu, baba?"

"Hapana, mama."

"Mlifiwa mkanificha?"

"Hapana, mama."

"Sasa kilichokutoa akili ni nini?"

Taratibu akatazama sakafu. "Mahindi yangu yalikuwa yananyauka."

Mama akamgeukia mke wa Taratibu. "Kumbe mna shamba?"

Hapo binti akalikumbuka lile trekta. Siku ya harusi mama alivaa gauni lake la kila siku.

FUNZO

Kucheza si kosa, na mtu anayefanya kazi ana haki ya kupumzika. Lakini kitu kikikuita nawe ukakiitikia kila mara, hicho ndicho bosi wako, hata kama unakicheza kidogo. Kabla hujanunua usichoweza kukishika, tazama kilichoko mezani pako ni cha nani. Mahindi ya Taratibu yangepandwa upya kwa kugusa kioo kwa kidole. Mahameli ya marehemu haipandwi.