Dumu la Manjano

Dorothy alikata kamba ya beli la mitumba soko la Garsen likiwa limefurika watu hadi barabarani. Katikati ya makoti mazito zikachomoka mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda kichwani, zikamwangukia mguuni.

"Haki ya Mungu, hizi nazo huvaliwa wapi?"

"Wazungu huzifunga miguuni, wakateleza kwenye theluji," akasema kijana mmoja mrefu, shati la kaki, gambuti zimeganda tope. "Nimeona kwa TV."

"Basi nunua. Theluji ya Garsen inakungoja."

"Theluji sina, dada. Matope ninayo."

Kweli alikuwa nayo. Maji ya mafuriko yalikuwa yameshuka na kuacha kilomita tatu za tope jeusi kati ya kijiji chake na barabara. Boda haikupita, mtumbwi haukuelea. Silas, ndilo jina lake, alimtazama yule muuzaji mwenye gauni la maua ya zambarau na mwanya, akasahau kuomba bei ipunguzwe.

"Zikikatika nimlalamikie nani?"

"Dorothy. Namba yangu hiyo hapo ukutani, na usinipigie kwa mambo ya mbao tu."

Alimpigia jioni hiyo hiyo. Wiki haikuisha, alikuwa amezifunga zile mbao chini ya kitanda kikuukuu, akakifunga kamba mbili, na wagonjwa wakaanza kuvutwa juu ya tope hadi barabarani. Kijiji kizima kilimsifu. Dorothy alimwita dereva wake, naye akamwita Dori, na mambo ya ndoa yakaanza kutajwa kwa utani ambao haukuwa utani.

Jumatatu moja ubao mmoja uligonga kisiki, ukapasuka urefu wa mkono.

"Usiuguse, mpenzi," Dorothy akasema kwenye simu. "Nimeuliza fundi wa Malindi. Huo si mti mmoja, ni tabaka zimegandishwa. Ukiupasha moto zinaachana. Nakutumia gundi na basi la kesho. Ziko mbili kwenye kasha, unazichanganya sawa kwa sawa. Ubane kwa mpira wa baiskeli, uache siku mbili."

"Siku mbili! Dori, mimi naziba mitumbwi tangu shule ya msingi."

"Mtumbwi ni gogo moja, Silas. Niahidi."

"Naahidi, mwalimu wangu."

Gundi ilifika Jumanne asubuhi. Silas akaiweka darini. Watu walikuwa wanamngoja, na yeye hakuwa mtu wa kukaa akitazama kitu kikikauka. Akafanya kama wanavyofanya wote kwao mtumbwi ukipasuka: akakata kipande cha dumu la manjano, akakiyeyusha jikoni, akakidondosha ndani ya ufa na kukilainisha kwa kisu cha moto. Kufika adhuhuri ubao ulikuwa laini kabisa. Ndani, tabaka zilikuwa zimeachana.

Alhamisi saa mbili asubuhi dada yake, Asenath, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Silas na Isaac, mumewe Asenath, wakamlaza kitandani na kuvuta. Katikati ya tope ubao ulikunjika, kitanda kikazama upande. Walimbeba mikononi, tope mapajani, kwa muda wa karibu saa mbili. Hospitalini mtoto alizaliwa, wa kiume, mzuri, hakulia. Gundi ile ingewekwa Jumanne, Alhamisi hiyo ingekuwa imeshika.

"Si ulisema umeutengeneza?" Isaac akauliza.

"Niliweka gundi ya Dorothy."

Silas hakuwa mwongo. Alikuwa mwoga, na siku hiyo tofauti haikuonekana.

Neno lilifika sokoni kabla ya mazishi. Wanawake walipita duka la Dorothy bila kugeuza shingo.

"Silas, ulizichanganya sawa kwa sawa?" Dorothy aliuliza kwenye simu.

"Ndiyo."

"Ukabana siku mbili?"

"Nilibana."

"Basi ni mimi. Nimemuua mtoto wa watu."

"Usilie, Dori," akasema, akakata simu.

Siku ya tisa Dorothy alivaa gauni jeusi na gambuti za kuazima, akakanyaga tope lote kilomita tatu kwenda kumwomba Asenath msamaha. Uani, kati ya nyumba ya Asenath na ya Silas, akaukuta ule ubao umeegemezwa ukutani. Akainama, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Gundi yangu ni ya kahawia," akasema polepole. "Hili ni dumu."

Silas, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, aliingia ndani, akatoka na kasha. Halikuwa limefunguliwa.

"Nimelia siku tisa, Silas. Nimefunga duka. Ninamwota mtoto ambaye sikumwona."

"Niliogopa watanichukia. Dori, nisamehe, bado nataka kukuoa."

"Usiniombe kitu. Mwambie dada yako. Nasimama hapa nisikie."

Asenath alikuwa mkekani, kifua amekifunga leso kwa maziwa yasiyo na wa kunyonya. Alimsikiliza Silas mpaka mwisho.

"Ulijua, pale hospitalini?"

"Nilijua."

Alimgeukia Dorothy. "Dada, nilikulaani. Nisamehe." Wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, na Silas hakuitwa.

Baadaye Asenath alijifuta uso. "Mke wa jirani yetu Charo anakaribia kujifungua. Tengenezeni hicho kitu."

Walikwangua plastiki yote, wakachanganya gundi, wakapigilia kipande cha mbao juu yake kuukaza, wakabana kwa mpira wa baiskeli. Dorothy alilala kwa Asenath siku zote mbili. Kwa Silas alikuwa na maneno mawili tu: "Shika hapa."

Siku ya tatu Asenath alitoka na kukaa juu ya kitanda, mikono magotini.

"Nakijaribu mimi kwanza. Vuteni."

Silas alishika kamba moja, Dorothy nyingine. Ubao haukulia hata mara moja. Barabarani Dorothy alivua gambuti, akasimamisha boda.

"Dori," Silas akasema, "nikupigie jioni?"

"Muulize yeye."

Asenath alikuwa akikung'uta tope kwenye leso yake.

"Bado," akasema.

Dorothy aliinamisha kichwa, akapanda boda kwenda kufungua duka. Asenath akakaa tena kitandani, na Silas akamvuta peke yake hadi nyumbani.