Stoo Isiyo na Mlango

Letisia, mke wa Alfredi, ni jirani yetu hapa Dongobesh. Ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, si mtu wa kuona mambo yasiyokuwepo. Ndiyo maana aliposimulia yaliyompata, hakuna aliyecheka.

Mwaka ule alikuwa na furaha. Mumewe, dereva wa lori la vitunguu saumu, alikuwa amepata kiwanja kwenye mteremko, juu kidogo ya kwa mama yake, Restituta, na nyumba yao ya tofali za kuchoma ilikuwa inapanda. Kwa kuwa Alfredi alikuwa njiani kila mara, usimamizi ukamwangukia Letisia. Siku za mwanzo alisimama tu pembeni na ile karatasi kubwa ya ramani mkononi, haelewi aanze kuisoma kutoka wapi.

Fundi mkuu, Gidamis, mtu wa Dirma kule Hanang, ndiye aliyemkalisha juu ya rundo la tofali akamfundisha.

"Mama Irene, usiitazame kama picha ya nyumba. Jifanye umeikata nyumba kwa msumeno, usawa wa madirisha, ukaondoa sehemu ya juu, sasa unachungulia ndani kutoka angani. Mistari hii miwili minene ni ukuta. Hapa ukuta umekatika na pana robo duara, basi huo ni mlango. Robo duara yenyewe inakuambia mlango unafungukia upande gani. Hii myembamba ndani ya ukuta ni dirisha."

"Na hii ya vipande vipande?"

"Hiyo ni ya kitu ambacho kipo, ila hapo ulipokata hukioni. Kipo juu yako, kama ukingo wa paa. Au kipo chini yako."

Letisia alielewa upesi. Kwake haikuwa tofauti sana na patani ya gauni: unatazama mistari iliyolala kwenye karatasi, kichwani unamwona mtu amesimama. Haukupita muda akawa anatembea juu ya msingi peke yake, ramani mkononi, akijisemea hapa sebule, hapa korido, hapa Irene atalala. Irene ni binti yake, wakati huo alikuwa shule ya msingi.

Ndipo siku moja akaiona stoo.

Ilikuwa kati ya jiko na chumba cha Irene. Kichumba chembamba, kuta pande zote, na ndani yake umbo lililochorwa kwa mistari ya vipande vipande. Alikuwa ameipitia ramani ile mara nyingi na hakukumbuka kukiona. Akatafuta mahali ukuta ulipokatika. Akatafuta robo duara. Hakuna.

Gidamis alipoonyeshwa alikuna kidevu. "Mchoraji kasahau mlango," alisema, kisha akampigia simu Lameck, kijana aliyechora ramani kule Babati. Lameck akasema hajachora stoo yoyote. Letisia akapiga picha mahali pale akamtumia. Jibu likarudi: "Mama, mbona hapo ni ukuta tu?"

Letisia akaitazama ile picha. Kwenye simu palikuwa na ukuta mmoja. Kwenye karatasi zilikuwa kuta nne.

"Hatukijengi," Gidamis alisema, akaukunja mjadala. Na kweli hawakukijenga. Kati ya jiko na chumba cha mtoto waliinua ukuta mmoja, kama Lameck alivyosema.

Restituta, mama mkwe, alipoelezwa hakushangaa kama walivyotarajia. Wakati wa kuchimba msingi vijana walikuta udongo mweusi wa masizi na mawe ya jiko la zamani, naye alikuwa amewaambia kwamba pale palikuwa na nyumba ya wazee. Siyo nyumba ya kusimama. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba ndani ya mteremko, juu wakafunika udongo na majani yakaota, ili waporaji wa ng'ombe wapite juu bila kujua kwamba chini kuna watu. Wengine walijifungia humo na mifugo yao, wakisubiri hatari ipite.

"Na wa hapa walitoka?" Letisia aliuliza.

"Sijasikia kwamba walitoka," Restituta alijibu.

Alfredi aliposikia kwenye simu alisema wafukie, waendelee.

Nyumba ikafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Ilibaki kuezeka. Siku hiyo mafundi walikuwa nje wakimenya magome ya mirunda, miti ya kuezekea, wakipiga soga, na Letisia akaingia ndani mchana kweupe kuweka alama za makabati ya jikoni. Alikuwa na ramani, na chaki ya bluu anayotumia kwenye vitambaa. Juu yake hapakuwa na paa, anga tu. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msitu wa Nou, kama kawaida ya huku kwetu, ukipita juu ya kuta taratibu.

Akaweka alama mbili tatu jikoni. Akainamia ramani kuhakikisha kipimo. Akageuka kuelekea korido, macho yakiwa bado kwenye karatasi, kidole kikifuata njia.

Bega lake likagonga tofali.

Akainua uso. Mbele yake ukuta. Akageuka. Ukuta. Kushoto na kulia ukuta, karibu sana, kiasi kwamba hakuweza kunyoosha mikono yote miwili. Tofali zilikuwa zilezile za kuchoma. Ila udongo kati yake ulikuwa umelowa, kama umepakwa sasa hivi, na ulikuwa umepakwa kwa vidole.

Kwanza alikasirika. Akadhani amepotea kidogo tu, macho yamechoka na mistari. Akapapasa kila pembe. Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha kisu.

"Gidamis!"

Nje mtu alicheka. Ilikuwa sauti ya Gidamis mwenyewe, akisimulia habari za mnada. Panga liligonga gogo. Kengele za ng'ombe zilipita barabarani. Letisia alisikia kila kitu, wazi kabisa, kama amekaa katikati yao.

"Gidamis! Niko humu ndani! Gidamis!"

Soga ziliendelea.

Akaamua kupanda. Ukuta uliishia kwenye lenta, na juu ya lenta palikuwa wazi. Akaingiza vidole kwenye maungio, akaweka mguu, akajivuta. Akafika nusu. Akatazama juu, lenta ilikuwa palepale pa mwanzo, mbali na mkono wake. Akajivuta tena. Kucha zikakatika. Alipotazama tena hakuona lenta. Aliona tofali juu ya tofali, na anga iliyobaki ilikuwa ndogo kama mdomo wa kisima.

Akateremka. Miguu yake iligusa udongo mapema kuliko alivyotegemea. Ulikuwa wa joto.

Sauti za nje zilikuwa zinafifia. Hakuna aliyeondoka, panga lilikuwa bado linagonga, lakini sasa liligonga kutoka juu. Kama mtu anayekata kuni juu ya paa. Harufu ya moshi wa zamani ilimjaa puani. Harufu ya ng'ombe. Kisha akasikia pumzi ya mnyama mkubwa, nzito, ikitoka nyuma ya ukuta ambao Letisia aliuegemea.

Akaifunua ramani. Ile stoo ilikuwepo. Na ile mistari ya vipande vipande ndani yake haikuwa tena ya vipande. Ilikuwa imeungana.

Alijua maana yake. Gidamis alimfundisha vizuri. Kitu kilichokuwa chini yake sasa kilikuwa usawa wake.

"Wamepita?"

Mtu alinong'ona. Karibu na sikio. Kwa Kiiraqw, lakini Kiiraqw kizito, cha watu ambao hata bibi yake hakuwahi kuwaona.

Letisia hakugeuka. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili mle ndani. Alijua hilo. Alikuwa amepapasa pembe zote.

"Wamepita?" Sauti ya mwanamke. Yenye hofu kuliko yake.

Aliomba sala zote alizozijua, zikachanganyika mdomoni. Kisha akaishika chaki. Hakufikiri, anasema, mkono ulijiendea wenyewe. Akaibandika karatasi ukutani, akachora robo duara kwenye ukuta wa stoo. Akasubiri. Akapapasa tofali. Hakuna kilichobadilika.

Kwa nini? Robo duara ni mlango. Robo duara ni mlango. Akaitazama tena. Mistari minene ya ukuta ilikuwa imepita chini ya chaki, mizima, haijakatika. Alichora mlango kwenye ukuta usio na tundu.

Kwenye kola ya blauzi yake palikuwa na sindano, kama kawaida ya mafundi cherehani. Akaichomoa. Akaanza kukwangua mistari ile, wino ukitoka unga unga, karatasi ikichanika.

"Unafungua?" sauti ikauliza.

Letisia anasema hakujibu kwa mdomo. Anachokumbuka ni kwamba alitikisa kichwa, kukubali, kwa sababu mtu aliyeuliza alikuwa anatetemeka.

Mstari wa mwisho ukatoka. Kitu cha baridi kikampita begani, kwa haraka, kama mtu anayewahi mlangoni. Nguo ilimgusa mkononi. Ilikuwa ngozi, si kitambaa. Halafu mwanga ukamwagika, naye akaanguka kifudifudi kwenye korido ya nyumba yake, ukungu ukipita juu, anga pana kama ilivyokuwa.

Alitoka mbio hadi nje. Gidamis na wenzake waliacha kazi wakamtazama.

"Mama Irene," Gidamis alisema polepole, "umepitia wapi kurudi?"

"Kurudi kutoka wapi?"

"Si umetupita hapa sasa hivi? Pekupeku. Nimekuita, hukugeuka. Umeteremka kwa mama mkwe."

Letisia akatazama miguu yake. Viatu alikuwa navyo.

Aliteremka mteremko ule bila kujua anakanyaga wapi. Alimkuta Restituta amesimama mlangoni, ameshika nguzo kwa mikono miwili. Mzee alipomwona, alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, mimi ni Letisia," alisema, akaanza kulia.

Restituta alimtazama miguuni kabla ya kumruhusu aingie.

"Umekuja hapa," mzee alisema, kwa sauti ya chini. "Mtu mwenye sura yako. Ameingia akakaa kwenye kigoda, pale. Nikasubiri uniamkie, mwanangu. Hujawahi kuacha kuniamkia tangu uolewe. Umenitazama tu. Umenitazama mpaka nikajikuta mimi ndiye ninayesema. Mimi, na mvi hizi. Nikakuambia shikamoo."

"Na yeye?"

"Akaitikia." Restituta alikigeukia kile kigoda. "Akaniambia, marahaba, mjukuu wangu. Akauliza kama wamepita. Nikamwambia wamepita siku nyingi. Akainuka akatoka."

"Akaenda wapi, mama?"

Restituta alinyoosha mkono kuelekea barabarani, ambako watu walikuwa wanatoka sokoni, wengi, wanawake kwa wanaume, na ukungu ulikuwa umewafunika kuanzia kiunoni hadi miguuni.

Alfredi aliporudi alisikiliza, akaingia ndani ya nyumba ile mara moja tu, akatoka akasema kazi iishie hapo. Hawakuiezeka. Gidamis alikusanya zana zake kutoka nje, zilizobaki ndani akaziacha. Familia inapanga vyumba huku senta, na Letisia anashona kama zamani, ila mlango wa kibanda chake haufungwi, hata mvua ikinyesha.

Restituta amekuwa mtu wa ajabu kidogo. Akimwona Letisia anakuja kwa mbali huacha shughuli yake, humkazia macho, mpaka aamkiwe ndipo apumue.

Na kile kigoda hakuna anayekikalia. Kilitolewa nje siku ileile, kwa sababu juu yake palikuwa na udongo mweusi ulioganda kwa umbo la mtu aliyeketi. Kimekaa juani kiangazi chote, vumbi linapita, majani pembeni yamekauka. Ukiugusa ule udongo, bado umelowa. Na una joto.