Tulisoma Fatiha, Duka Likaenda

Nina miaka hamsini na tatu, ni mjane na fundi wa nguo. Nilizaliwa Majengo, nikaolewa Majengo. Leo nashonea kwenye korido ya nyumba ya kupanga huko Umoja. Wasomaji wenzangu, nimechoka...

Babu alituachia jengo la mawe, maduka mbele na baraza ndefu. Hati ilikuwa kwa jina la kaka yangu Salim, maana sisi hatudaiani. Mimi nilikuwa na duka langu, na ukuta kwa ukuta alikuwa mpangaji wetu Mama Zubeda, muuza mahamri.

Salim akaja na habari njema. Jengo lingekarabatiwa, mawe na milango ya kale ibaki. Chini maduka, juu ofisi na vyumba vya kupangisha. Tuwapishe mafundi, kisha kila mtu arudi mahali pake.

Wapangaji walisita. Nani wa kuwatuliza kama si mimi? Mama Zubeda alitaka tuandikiane kwa wakili. Mimi nikaona haya. Nimpeleke ndugu yangu kwa wakili kabla hajakosa? Nikasema tusome Fatiha iwe ndiyo mapatano, yatosha. Tukainua mikono, na Salim akaitikia amina kwa sauti kuliko sote.

Jengo lilipendeza, sitasema uongo. Siku ya kufunguliwa nilifika na cherehani yangu kwenye mkokoteni. Duka langu lilikuwa mkahawa! Bawabu akanizuia mlangoni.

"Mathe, hapa ni wateja tu."

Salim akatoka mbio, akaninong'oneza. "Dada, usiniaibishe mbele ya wageni. Watu wako hawawezi hii rent ya sasa."

"Na ile Fatiha, Salim?"

"Ile ilikuwa dua ya baraka. Kwani jengo halijabarikiwa?"

Nililia pale pale barabarani, mtu mzima mimi. Mama mmoja, baba mmoja... angewezaje?

Mama Zubeda sasa anauzia mahamri kando ya barabara, kwenye vumbi. Nilipompitia nikamtolea salamu. Alijibu, maana kujibu salamu ni faradhi, lakini hakunikaribisha kuketi. Bintiye alipoolewa, nguo zilishonwa na fundi mwingine.

Ndugu zangu, dua ombeni, lakini andikianeni kwanza. Mkiambiwa mtoke kidogo jengo litengenezwe, hata anayesema awe mliyenyonya naye ziwa moja, msihamishe hata kigoda kabla ya wakili. Mimi duka nitalisahau. Hata Salim nimemwachia Mungu. Lakini Mama Zubeda alitoka kwa sababu nilimwambia mimi, na mpaka leo sijui nimwambie nini.