Kete Aliyoiacha

Foleni ya supamaketi Jumamosi ile haikusogea, na mama mmoja fundi wa miwani alikuwa amesimama katikati yake, miguu inamuwaka moto. Wiki nzima alikuwa akisaga vioo vya macho ya watu. Kikapuni alikuwa na sabuni, chumvi na balbu moja. Mbele yake, bwana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi upande mmoja tu alikuwa akibishana na keshia juu ya ubao wa drafti. Keshia alitaka aulipie. Bwana alisema ni wake, ameingia nao. Watu wakaanza kuguna.

"Ni wake," yule mama akasema. "Nilimwona nao kwapani pale mlangoni. Na tazama kete zake, nusu ni vifuniko vya soda. Duka gani linauza vifuniko vya soda?"

Foleni nzima ikacheka, keshia akaona haya, ubao ukaachiwa. Nje bwana alimsubiri amshukuru, akamuuliza kama anajua kucheza. Yule mama akajibu kwamba zamani alikuwa akimfunga baba yake mzazi mpaka mzee ananuna. Basi bwana akamwonyesha ngazi iliyo pembeni ya duka, akamwambia huko juu kuna klabu ya watu wazima, kila Jumamosi saa nane mchana. Mtu aliyechoka vile angekwenda zake nyumbani akajinyooshe. Yeye akapanda ngazi. Msiniulize kwa nini, maana hata mwenyewe hakujua.

Kilikuwa chumba kirefu chenye meza nane na feni inayolalamika. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alisomea watu kanuni kila wiki kana kwamba ni wanafunzi: kula ni lazima, na ukiacha kula, kete yako inatolewa ubaoni. Kumwachia mwenzako kwa makusudi, alisema, ni kumtukana. Kila mwanachama alibandikwa jina. Bwana wa shati la bluu aliitwa Hamira kwa sababu alifanya kazi kiwanda cha mikate. Mgeni akaitwa Bi Miwani, na jina likamkaa.

Alichokipenda pale ni kwamba hakuna aliyemjua. Mume wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo kila alikogeuka alikutana na pole. Pole kazini, pole kwa majirani, pole ya muuza nyanya. Watu walishusha sauti akiingia. Lakini klabuni alifungwa bila huruma na kuchekwa juu. Hamira alimfunga Jumamosi nne mfululizo, na kila mara alimshauri akanywe maji. Bi Miwani alirudi nyumbani hoi, lakini moyo mwepesi.

Zikafuata simu, kila siku saa kumi jioni.

"Jumamosi vaa lile gauni la njano," Hamira alimwambia siku moja.

"Ili iweje?"

"Ili nikikufunga, niwe nimemfunga mtu aliyependeza."

"Utafungwa wewe, tena na huyo huyo wa njano."

Miezi mitatu ilipopita, Bi Miwani alikuwa anampenda, sina sababu ya kuficha. Na kupenda kwenyewe kulimchosha, maana alijua kwamba siku Hamira akisikia habari za marehemu, atashusha sauti kama wengine, na hapo yatakuwa yamekwisha. Huyu ndiye mtu mmoja tu aliyekuwa akimwona mzima. Hakutaka kumpoteza.

Siri hiyo ilitobolewa na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na mlango. Jumamosi ya fainali ya klabu, Hamira kwa Bi Miwani, wifi alikuja kufuata funguo za nyumba, akakutana na Hamira kwenye ngazi, akamwaga yote: ugonjwa, mazishi, jinsi wifi yake anavyolia jikoni akidhani hasikiki. Bi Miwani alifika, amevaa njano, akawahi mwisho wa maneno.

"Mhurumie tu, kaka yangu. Ameumia sana huyu."

Saa moja baadaye walikaa uso kwa uso, klabu nzima imewazunguka. Mchezo ulikuwa umebana. Bi Miwani akasogeza kete, na alipoondoa kidole tu akaona amefanya ujinga: kete zake mbili ziko wazi za kuliwa. Akasubiri kipigo. Hamira aliinamia ubao kimya, muda mrefu, kisha mkono wake ukasukuma kete ya pembeni isiyohusika na lolote. Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akakohoa, akaitoa kete iliyoacha kula. Baada ya hapo Hamira hakufua dafu. Bi Miwani akashinda, wakampigia makofi, na yeye akahisi kama amechapwa kofi.

Alimfuata kwenye ngazi.

"Wifi yangu amekwambia, ukaniachia."

Hamira alimtazama kwa macho mekundu.

"Sema basi kwamba hukuniachia."

"Siyo hivyo unavyodhani," akasema.

"Huruma ninazo tele nyumbani. Huku nilikuja kufungwa."

Akashuka ngazi, na simu za saa kumi hakupokea tena. Jumamosi tatu alikaa ndani akisugua masufuria yaliyokwisha takata. Gauni la njano alilisukumia chini kabisa ya sanduku. Kazini alivunja vioo viwili, na tajiri wake akampa pole, naye akaenda kulia chooni.

Nanyi mtauliza, mwanamume mzima kwa nini hakujitetea. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Hamira alikuwa na la kuficha. Lilisemwa na dada yake, aliyempigia Bi Miwani Jumanne mchana bila hata kujitambulisha vizuri. Alieleza kwamba kaka yake ni mtu wa tanuri, anaingia jioni na kutoka asubuhi. Ile Ijumaa ya kuamkia fainali alikuwa ameunga zamu mbili ili apate nafasi ya kuja, hakugusa kitanda. Tena akauliza, kwa hasira ya ndugu, fundi wa miwani gani asiyeona mtu aliyelala mbele yake.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, Bi Miwani alikuwa kwenye geti la kiwanda. Wafanyakazi walitoka mmoja mmoja, wamekunja mabega. Hamira akatoka wa mwisho, nyusi zimejaa unga. Alipomwona alisimama kama aliyeitwa na polisi. Wakavuka barabara, wakakaa kwenye benchi la kituo cha basi.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Macho wazi. Mkono ulicheza peke yake."

"Ungesema."

"Mchumba wangu wa kwanza nilimkosa hivyo hivyo. Baba yake aliniuliza nitamtunzaje binti yake. Nikakoroma."

Bi Miwani alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mlinzi wa geti akageuka. Kisha akajifuta machozi, akauliza kile kilichomtoa kitandani.

"Kwa hiyo hukunihurumia?"

"Nikuhurumie kwa nguvu zipi? Nilisikitika, ndiyo. Aliyekufa alikuwa mume wako. Lakini nilikaa pale nimekusudia kukufunga mbele ya watu wote."

Alimwamini. Uchovu wa miaka miwili ukamshukia kwa mara moja, akaegemea benchi.

"Nimechoka, Hamira. Nimechoka kuwa mjane wa mtaa mzima. Nataka mtu wa kugombana naye nikiunguza chakula."

Hamira alimgeukia.

"Mimi ni mtu wa jioni," akasema polepole. "Asubuhi utaniacha nimelala, mchana utanikuta nimelala. Wageni watakuja nitawasinzilia. Lakini zile saa nitakazokuwa macho, zote ni zako. Nikuoe?"

Bi Miwani alimfikiria marehemu, ambaye alimpenda kweli. Alimfikiria wifi, na maneno ya majirani. Basi likapita, likasimama, likaondoka bila wao. Alipogeuka ili amjibu, kichwa cha Hamira kilikuwa kimekwisha angukia begani kwake, na unga umemwagika kwenye koti lake la kazini.

Saa moja na nusu akatoa simu kwa mkono mmoja, taratibu, akampigia tajiri wake kumwambia atachelewa. Tajiri akashusha sauti, akauliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nimekaa na mchumba wangu. Amenilalia begani, nikiinuka ataanguka."

Tajiri akauliza amekuwa na mchumba tangu lini.

"Tangu sasa hivi," Bi Miwani akasema. "Hata yeye bado sijamwambia."