Waya wa Taa ya Egidi

Jikoni kwa Walburga mtandao haukuwahi kushika. Kijiji chao kilijificha bondeni, milima ya Umatengo imekizunguka pande zote, na aliyetaka kupiga simu alipanda hadi kwenye jiwe moja juu ya shamba la kanisa, akasimama kwa ncha za vidole na kuinyanyua simu juu kama padri anayeinua kikombe. Kwa hiyo jioni ile, alipoitazama simu kuukuu ya mwanawe juu ya gunia la mahindi na kuona vijiti vyote vimesimama, alidhani macho yake yamechoshwa na moshi. Akaifuta kwa kanga. Vijiti vikabaki vilevile.

"Resti," akamwita binti yake. "Njoo uone. Yule fundi si mchezo."

Restituta akaitazama. "Hata mjini havijai hivi, mama."

Simu ilikuwa ya Egidi, kaka yake Restituta. Ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakaanza kuinunua kahawa kwa bei waliyopatana wao kwa wao, Egidi aliiacha mibuni akashuka Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kufanya biashara ya usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Simu aliiacha nyumbani kwa kuwa antena ilikuwa imekatika. Mwezi wa sita upepo wa mwera uliupindua mtumbwi aliokuwamo. Hakuonekana tena. Ziwa lilirudisha kitu kimoja tu: karabai yake, imezungushiwa waya wa shaba alioufunga kwa mkono wake.

Wavuvi walioileta hawakukubali hata chai. "Usikae nayo hii, mama," mmoja alimwambia. "Ziwa likirudisha chombo bila mwenyewe, chombo kinazikwa pamoja na mgomba."

Alimaanisha desturi yao. Maiti ikikosekana, ndugu hukata mgomba wa kimo cha marehemu, wakauvika sanda, wakauzika, na msiba ukaisha. Walburga alikataa.

"Nizike ndizi, na mwanangu yuko majini? Akipatikana watanipigia."

Ndiyo sababu alitaka simu ishike. Alikwenda Mbinga mjini kwa Twaha, kijana mwenye meza ya kutengeneza simu karibu na stendi. Twaha aliifungua, akapuliza vumbi, akasugua miguu ya laini kwa kifutio cha shule.

"Nikichomelea waya mzuri wa shaba, mama yangu, utashika mpaka bondeni kwenu. Ila waya nimeishiwa. Mpaka gari la Songea, Ijumaa."

Walburga hakuweza kungoja Ijumaa. Tangu karabai iletwe, alikuwa ameuvaa ule waya mkononi kama bangili. Akauvua, akauweka mezani.

"Huu haufai?"

"Shaba tupu hii. Umeitoa wapi?"

"Ya mwanangu."

Twaha akaunyoosha. Akauchomelea.

Basi jioni ile ile ya vijiti, Restituta alipotoka kuchota maji, simu ikaita. Walburga akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama."

Alikaa chini palepale, juu ya majivu. "Egidi?"

"Huku kunashika vizuri, mama." Nyuma ya sauti maji yalipiga kitu cha mbao, taratibu, bila kuchoka. "Nikumbushe. Kovu langu liko mguu upi?"

"Wa kushoto, baba. Jembe lilikukata tulipokuwa tukichimba mashimo ya ngoro shambani."

"Wa kushoto," ikarudia sauti, polepole, kama mtu anayepokea kitu na kukiweka mfukoni. Ikakata.

Hakumwambia mtu. Furaha nyingine huogopa kuguswa. Kesho yake ikaita tena: nilikuwa nikipenda kula nini? Keshokutwa: nilikuwa nikicheka vipi? Akajibu kila swali, akacheka mwenyewe kwa kile kicheko cha mwanawe, kinachoanzia puani. Jikoni kukaanza kunuka usipa mbichi, ilhali hapakuwa na samaki ndani ya nyumba. Asubuhi sakafu ilikuwa na maji, naye akayafagia kimyakimya.

Wiki ya tatu, wakichambua maharage, akamuuliza binti yake, "Resti, hivi kaka yako alikuwa na kovu?"

Restituta aliuachia ungo. "Mama. Mguu wa kushoto. Ulilia kuliko yeye."

"Nililia?" Alilitafuta kovu lile kichwani, akakuta ngozi laini. Akautafuta mguu wenyewe, akakuta maji.

Ndipo Restituta alipokumbuka kwamba ile simu haijapelekwa mashineni kuchajiwa kwa wiki tatu, na kwamba kila jioni humkuta mama yake amekaa karibu nayo na midomo imelowa, na kwamba wadudu wadogo weusi waliojaa darini ni wale wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, ambao hapa mlimani, penye baridi ya kukausha ulimi, hakuna aliyewahi kuwaona. Akatoka mbio hadi kwa Bibi Lidia, Mnyasa aliyeolewa huku zamani, akamshika mkono bila hata kumaliza shikamoo, akamsimulia njiani.

Bibi Lidia alifika mlangoni, akanusa, hakuingia.

"Amekuuliza nini na nini?" alinong'ona.

Walburga akamhesabia.

"Umebakiwa na nini?"

Walburga alifumba macho. Sura haikuwapo. Sauti aliyokuwa nayo ni ile ya simu tu. "Jina," akasema mwishowe. "Lile la nyumbani. Marehemu mama mkwe alimnong'oneza sikioni usiku aliozaliwa, tukiwa wawili tu chumbani. Hilo hajaniuliza."

"Ataliuliza leo. Akilipata, atapanda huku kwa miguu yake, na wewe utamfungulia."

"Si ni mwanangu?"

"Mwanao angekuuliza kovu la mguu wake?"

Walburga akaikumbatia simu kifuani.

"Watu wa pwani wangesema jini. Sisi wa ziwani hatulipatii jina, maana jina ndicho kitu linachokitafuta. Umeliachia mtu asiyezikwa, likaona nguo haina mwenyewe, likaivaa. Kamzike."

"Nikizika, niliyompa yatarudi?"

"Hayarudi, mwanangu."

Walichimba nyuma ya nyumba, jua lingali juu, katekista akisali kwa sauti ya chini. Mgomba ukakatwa. Katekista akauliza kimo cha marehemu, watu wote wakamtazama mama. Walburga alinyanyua mkono hewani, ukapanda, ukashuka, usijue pa kusimama. Restituta akaushika mkono ule, akaupeleka mahali pake.

"Hapa, mama. Alikuwa anainama mlangoni."

Sanda ilipokuwa inafungwa, simu ikaita mfukoni mwa Walburga. Bibi Lidia akatikisa kichwa. Walburga akaipokea hata hivyo.

"Mama, nakosa kitu kimoja tu. Bibi aliniitaje?"

Kinywa kikamfunguka. Kulikuwa na maji katika sauti ile, na meno yaliyogongana, na ule udogo wa mtoto anayeita kutoka chumba cha pili, na alijua kwamba si yeye, na alijua pia kwamba akikata hatakuwa tena na sauti yoyote ya mwanawe duniani, ya kweli wala ya uongo, na jina lilikuwa limeshafika ulimini, tamu, zito, likisukuma.

"Kuna baridi huku, mama."

Aliinama hadi midomo yake ikagusa sanda. Akalinong'oneza jina kwenye mgomba. Kisha akaiweka simu kifuani pa mgomba, ikingali inamwita, na karabai pembeni, na mgomba uliposhushwa kaburini akatupa konzi ya kwanza ya udongo. Waliisikia ikiita chini, ikizidi kuwa nyembamba, mpaka ikawa kama nzi, mpaka ikanyamaza.

Msibani majirani walimletea Egidi vipande vipande: aliyesoma naye, aliyewahi kukopeshwa jembe naye. Walburga aliwasikiliza kwa adabu, kama mgeni anayesimuliwa habari za ukoo wa watu wengine, na mara kwa mara akasema, "Alikuwa mtoto mzuri, basi."

Mvua zilipokuja, kaburi lilichipua. Twaha alifika kutoa pole, akamkuta akipalilia chipukizi. Simu ya fundi, iliyokufa mtandao tangu alipoanza kuteremka bondeni, ikaita. Vijiti vilikuwa vimejaa. Alisikiliza, akaiondoa sikioni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu anauliza uliunong'oneza nini mgomba."

Walburga hakuinua uso.

"Mwambie nimesahau."

Akaendelea kupalilia, midomo yake ikicheza bila sauti, neno moja, lilelile, tena na tena.