Gitaa la Kupakata

Fundi redio alifunga kibanda chake mapema jioni ile, akampigia mkewe simu kwamba anapita mahali mara moja.

"Usichelewe, Baba Kidosho," mkewe alisema. "Mwanao hali mpaka umpakate."

Fundi akacheka. Kidosho, bintiye wa pekee, alikuwa ameyageuza mapaja ya baba yake kuwa kiti chake cha enzi. Lakini fundi alikuwa na ugonjwa mwingine: magitaa ya umeme ya zamani, yale yanayolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Ukuta mzima sebuleni kwake ulikuwa umeshajaa. Na sasa alisikia mjane mmoja, nyuma ya soko, anauza gitaa la marehemu mumewe.

Alimkuta mjane anapiga pasi kigauni kidogo cha manjano.

"Cha mjukuu?" fundi alitania.

"Namsubiri mtu," mjane alijibu.

Gitaa lilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Fundi alipoliona mate yalimjaa, akayameza. Mnunuzi wa vitu vya kale haonyeshi hamu, na akiulizwa habari za kwake hujifanya mkiwa asiye na mbele wala nyuma, ili muuzaji amwonee huruma. Wenyewe husema uongo wa biashara si dhambi.

"Kwanza nikuulize," mjane alinong'ona. "Una mtoto?"

"Mtoto nimtoe wapi, mama? Naishi na paka tu, na paka mwenyewe ni wa jirani."

Mjane hakucheka.

"Lipakate. Kisha useme tena."

Fundi aliona ni vituko vya uzee. Akaketi, akalilaza gitaa mapajani, akachomeka waya kwenye amplifaya ya marehemu, kikuza sauti kilichokuwa kando ya kitanda. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa chumba. Na gitaa lilikuwa na joto... joto la mtu aliyetoka usingizini.

"Sina mtoto," akasema, akatelezesha chuma.

Sauti ikapanda. Ikalia. Fundi akaogopa, akainua mikono yote miwili.

Ikaendelea kulia.

"Ba... ba..."

Aliijua sauti ile: ya Kidosho. Nywele zikamsimama. Akachomoa waya kwa nguvu, na sauti ikakatika.



Halafu, chumba cha pili, miguu midogo ikatua sakafuni. Pu... pu...

Mjane alichukua kigauni, machozi yakimtiririka. "Mume wangu naye aliulizwa siku aliyolinunua. Akajibu kama wewe, binti yetu akamezwa humo, na mimi nikabaki bila hata kumkumbuka, mpaka yeye aliponisimulia. Wengi nimewauliza, baba. Waliosema ukweli niliwafukuza."

"Mama, mwanangu..."

"Nenda na gitaa lako. Usiliache hapa." Akaingia chumba cha pili, akafunga mlango. Ndani, mtoto alicheka.

Fundi alikimbia njia nzima, sanduku likimgonga mguu. Nyumbani mkewe alikuwa anapakua chakula. Sahani mbili. Pembeni ya mlango, mahali pa ndala ndogo, palikuwa patupu.

"Kidosho yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanetu!"

Mkewe aliweka mwiko chini taratibu. "Tulikubaliana tusiutanie huu msiba wetu. Mungu hakutujalia, basi. Njoo ule, Fundi."

Fundi. Kama wateja wanavyomwita.

 Akaketi pale pale sakafuni, akafungua sanduku, akalipakata gitaa. Lilikuwa bado na joto.

"Baba yupo, mwanangu," aliliambia gitaa kwa kunong'ona. "Nina mtoto. Unasikia? Nina mtoto..."

Aliyarudia hayo mpaka chakula kikapoa, mkewe akimtazama kwa hofu. Waya haukuwa umechomekwa popote. Nyuzi zilitetemeka kidogo chini ya kiganja chake, kama mtoto anayesikia baridi.