Taa Zinazosikia

Jua lilikuwa linazama Dada Mkubwa alipotoka nyumbani kwa mama yake na kushika njia ya karakana. Hakuaga. Mtu aliyepandwa na hasira kiasi kile haagi. Alikuwa anafuata taa nne za amplifaya ya marehemu baba yake, basi, na mdogo wake akileta ujanja angemzaba kofi mbele ya wateja wake.

Tena alikuwa na haki. Amplifaya ile ilikuwa ya zamani, ya zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa na kunuka vumbi lililopata moto. Kila jioni Mama, ambaye tangu afiwe hakuinuka kitandani, alitaka iwashwe. Isipowaka, hali chakula. Na sasa ilikuwa inawatesa: leo inakoroma, kesho inakwaruza, keshokutwa taa moja inaiva nyekundu kupita kiasi na kuzimika pa! Mdogo wake, Fundi, anakuja na taa mpya, anabadilisha, anaondoka. Wiki haiishi, pa! tena. Mama alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni.

Mchana ule ndipo Dada Mkubwa alipogundua. Baba alizitia taa zake alama ya rangi ya kucha. Alizichomoa zote nne, akazigeuza huku na huku. Hakuna alama. Kumbe Fundi aling'oa taa nzima za baba yao, akampachikia mama mgonjwa takataka!

Mama alipoambiwa hakukasirika. Aliogopa.

"Zirudishe leo hii," alinong'ona. "Na usiseme kitu mbele yake."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba tangu wakiwa wadogo: amplifaya ikiwaka, midomo ifungwe. Baba alikuwa akisema taa ikichoka inasikia. Unaigonga kwa penseli, spika inajibu ko, ko. Unaongea karibu yake, sauti yako inaingia. Mambo ya ufundi tu. Dada Mkubwa aliamini siku zote kwamba mzee alitaka kusikiliza muziki wake kwa raha.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu. Ndani kulinuka waya ulioungua. Fundi alikuwa amekaa chini pembeni kabisa, mbali na meza, magoti kifuani. Mezani amplifaya ya mteja ilikuwa wazi, taa nne zinawaka. Hapakuwa na santuri. Hapakuwa na redio.

Lakini spika ilikuwa inapumua...

"Za baba hizo!"

"Dada, polepole."

"Polepole ya nini? Nauliza, za baba hizo?"

"Taa za siku hizi hazidumu, Dada. Wateja walikuwa wananitukana kila siku. Nikasema za baba ni ngumu, nizijaribu kidogo tu." Alikuwa ananong'ona, macho yake kwenye spika. "Zinarudia vitu. Twende tuongelee nje, nakuomba."

"Vitu gani?"

Fundi alimwonyesha mlango kwa kidole.

Hapo Dada Mkubwa akapasuka. Mama anakufa kwa njaa, huyu anajaribu! Alisogea mpaka mezani, akapiga ubao kwa kiganja, taa zikatikisika.

"Mwizi mkubwa! Bora ungekufa wewe, baba akabaki. Ufe! Ufe tupumzike!"

Ile pumzi ikakatika.

Kimya. Kama mtu aliyeacha kuhema ili asikie vizuri.

"Umesema mbele yake," alisema Fundi. Hakumlaumu. Alizima, akasubiri vioo vipoe, akazifunga taa katika shati lake na kumkabidhi dada yake kwa mikono miwili. Dada Mkubwa alizipokea bila shukrani. Njia nzima alikuwa akisonya.

Nyumbani alizipachika moja moja, akawasha. Akamwegemeza Mama kwenye mito, akageuka kuchagua santuri.

Spika ikakwaruza.

*Ufe! Ufe tupumzike!*

Sauti yake mwenyewe. Na ule mlio wa kiganja mezani.

"Imenasa tu, Mama," alinong'ona, akijilazimisha kucheka. "Si taa zikichoka zinasikia?"

"Zinasikia, mwanangu. Lakini hazina pa kuweka sauti zikairudia baadaye. Baba yako alinieleza vizuri."

Ikasema tena. Mara hii kulikuwa na sauti nyingine chini yake, ya mwanamke, kali, ya mtu aliyechoshwa. *Ufe nipumzike...* Dada Mkubwa aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomlea.

Mama alikuwa amefumba macho.

"Nilimwambia baba yenu, pale pale aliposimama kuigonga kwa penseli yake. Tulikuwa tumegombana kwa kitu cha kijinga. Alilala usiku ule, hakuamka tena." Machozi yalimshuka hadi masikioni. "Unadhani nasikiliza muziki? Kila jioni nasikiliza kama imeacha kunisema."

Dada Mkubwa alihisi hasira yote ikimgeukia yeye. Alipiga magoti, akasogeza mdomo kwenye kioo mpaka joto likamchoma.

"Aishi," alinong'ona. "Nimesema aishi. Ni mdogo wangu."

*Ufe!* ikajibu spika.

Akachukua simu, akampigia. Ikaita. Aliibana sikioni, akimtukana moyoni kama alivyomtukana tangu utoto. Pokea, mpumbavu wewe. Pokea nikugombeze.

Ndipo aliposikia simu nyingine ikiita. Haikuwa chumbani. Ilikuwa ndani ya spika, mlio ule ule wa simu ya Fundi, ukigonga kuta za karakana. Uliita mpaka ukakatika.

Akapiga tena. Ukaita tena mle ndani. Hakuna hatua za mtu, hakuna kiti kilichosogea, ila pumzi tu...

Na pumzi sasa zilikuwa mbili, ya baba na ya Fundi.

Dada Mkubwa alifungua mdomo apige kelele. Mama akauwahi kwa kiganja chake kikavu, akaubana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, huku taa nne zikiendelea kuwaka mbele yao.